Jiwe Ulilopumzikia

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Ninakuandikia kwenye kaye ya shule ya Sifa wako, karatasi za katikati, ili nikizing'oa asigundue upesi. Nimekaa mlangoni hapa mjini Baraka. Karai lako la maandazi liko motoni, na leo nina habari ambayo ungeicheka kabla sijaimaliza: mdogo wako anafanya mazoezi. Ndiyo, mimi. Yule uliyesema akitumwa maji huleta uchovu na ndoo nusu.

Nianze na miili yetu. Wewe na mimi tulikuwa wanene na tulijivunia unene wetu. Ukikaa nyuma ya meza yako sokoni kiti hakikuonekana, na wateja walikuamini kwa sababu hiyo, maana nani atanunua maandazi kwa mtu aliyekonda? "Mwili ni heshima," ulikuwa ukisema, huku unajipiga nyonga. Jioni yale yaliyobaki tuliyala sisi wawili kwa chai ya sukari nyingi, na aliyeshindwa kula ndiye aliyeosha vyombo. Lakini hatukuwa walafi, yaya. Baada ya vita vya kwanza tulishuka kutoka msitu wa milimani tukiwa mifupa. Kule juu tulikaa miezi bila chumvi, sombe, majani yale ya muhogo, inachemshwa kwa maji matupu, na wewe ambaye hukulia nyumba ilipoungua ulilia siku niliyopata punje chache za chumvi kwenye kona ya mfuko. Tuliporudi tulikula kwa hasira. Chumvi kwa kiganja, mawese mpaka bugali inaogelea. Nani angetulaumu?

Kisha ile siku. Milio ilianza upande wa ziwa, asubuhi, mafuta yako yameshachemka. Ulimbeba Sifa mgongoni, miaka minne wakati ule, mimi nikabeba godoro na sufuria, tukashika njia ya kupanda Fizi pamoja na watu wote. Kwenye ule mpando mkali pumzi yako ilianza kupiga filimbi. Nilikuambia tupunguze mwendo, ukanijibu nisikutie woga. Pale kwenye kijito ukakaa juu ya lile jiwe pana, ukafungua kitenge, ukanipa mtoto.

"Beba mutoto. Enda mbele, mi nakuya."

Nikaenda. Niligeuka mara moja nikakuona unajipepea kwa ncha ya kitenge. Nilikuamini kwa sababu maisha yako yote ulisema hivyo hivyo, tukienda sokoni, tukienda kanisani, mi nakuya, na kila mara ulikuja, umechelewa lakini umekuja. Kesho yake wanaume walishuka kutafuta waliobaki nyuma, wakakukuta umeegemea mti, bado uko juu ya jiwe. Walikuzika hapo hapo.

Watu wakinipa pole huniuliza risasi ilikupata wapi. Nawaambia hakuna risasi, ni moyo. Wananitazama, kana kwamba wakati wa vita mtu hana ruhusa ya kufa kwa kitu kingine. Nilijua ni vita iliyokupandisha mlima ule, na nilijua pia ni nini kilikushinda kuumaliza, na sikutaka kukisema kwa sababu tulikuwa tumekila pamoja. Nilikuacha, yaya. Sijawahi kuyasema maneno haya kwa mtu, nayaandika kwako.

Tuliporudi Baraka nilirithi karai lako na mtoto wako. Ananiita mama mudogo kama zamani. Niliendelea kukaanga, na yanayobaki nikala peke yangu, yangu na yako. Miguu ikavimba. Kichwa kikawa kinaniuma tangu asubuhi. Muganga wa kituo cha afya, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akaangalia, akakijaza tena. Akasema tansio, presha ya damu, iko juu sana, nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, na kila siku nitembee. Nilikasirika, yaya. Nilimwambia tumekosa chumvi kule msituni mpaka tumelia, leo imepatikana ananikataza? Na kutembea, je? Baraka mpaka Fizi nimepanda na kushuka na godoro kichwani, bado anataka nitembee?

Akanijibu polepole: "Ile ilikuwa kukimbia vita, mama. Hii iko ya kukufanya uishi."

Niliitikia ndiyo ili anifungue mkono, nikarudi nyumbani nikala. Nilianza Jumatatu moja, nikaacha Jumatano. Nikaanza tena baada ya Pasaka, nikaacha kwa sababu ya mvua. Kila nilipofunga kitenge ili nitoke, miguu ilikumbuka njia ya Fizi na kukataa. Mtu huambiwa awe na nia, lakini nia haiuzwi sokoni karibu na dagaa wa ndakala, na mimi sikujua inapatikana wapi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo utacheka. Nilisikia askari na wachezaji wa mpira hukimbia asubuhi ili wawe wepesi, nikasema basi na mimi nitakimbia, niyamalize haya mambo haraka. Kumepambazuka, nimetoka mikono mitupu, nikaanza kukimbia kwenye barabara. Mama Wilondja, jirani yetu, alikuwa anafagia uwanja. Aliniona, mimi, na mwili huu, ninakimbia bila mzigo wowote. Hakuuliza. Alitupa ufagio, akaingiza mkono ndani akatoa mtoto, akachukua na sufuria ya maharagi motoni, akakimbia. Waliomwona yeye wakakimbia. Nikasikia kishindo nyuma yangu, nikageuka, nikaona mtaa mzima unakuja na magodoro na mbuzi. Na mimi, yaya, badala ya kuelewa, niliogopa. Niliamini wameona askari.

Nilirudi mbio kinyume cha watu, nikamtoa Sifa kitandani, nikamfunga mgongoni, nikashika njia ya milima. Amekuwa mzito mwanao. Kabla hatujafika mtoni, chini ya mlima, kila mtu alikuwa amenipita, hata kikongwe mwenye fimbo, mama mzazi wa Mama Wilondja. Kifua kikabana. Pumzi ikaanza kupiga ile filimbi, nikaijua. Nikaona kisiki kando ya njia, nikasema kidogo tu, nikakaa.

Sifa akanipiga begani kwa kiganja.

"Mama mudogo, usikae. Mama alikaa, hakukuya."

Tangu siku ulipokufa mtoto huyu hakuwahi kutaja mlima ule. Nilidhani amesahau, alikuwa mdogo. Kumbe alikuwa anakumbuka kila kitu, na alikuwa anaiangalia miguu yangu. Nilisimama. Sikuweza kukimbia, lakini nilisimama nikatembea, ninalia, mpaka mtoni, ambako watu walikuwa wameketi, miguu yao majini, wakiulizana nani aliona askari. Kila mmoja alisema ameona mwenzake anakimbia. Wakafuatilia mmoja baada ya mwingine mpaka wakafika kwa Mama Wilondja, naye akanyoosha kidole kwangu.

Sitakuandikia matusi niliyopata. Shefu wa mtaa aliniita mchana, akanisikiliza habari zote za tansio na muganga bila kucheka, kisha akatoa sheria: "Mu mutaa yangu, muntu akikimbia, aseme anakimbia nini." Akaniruhusu kutembea, tena kwa sharti nibebe jembe, maana mwenye jembe hamtishi mtu. Kwa hiyo kila asubuhi mdogo wako anatembea na jembe begani, anapita mashamba yote ya watu bila kulima hata moja, anageukia kwenye kilima, anapanda, anashuka. Wananiita mkulima wa barabara. Acha waniite.

Chakula nacho kimebadilika. Mchicha wa lengalenga na ndakala wa kuchemsha, bugali kipande kimoja, chumvi punje zile zile za kule msituni, ila safari hii ninazipunguza mwenyewe na hakuna anayeninyima. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Shemeji yako, mume wangu, analalamika kila akirudi kutoka ziwani. Ameficha chumvi yake kwenye kopo la tumbaku, na anadhani sijui. Maandazi nakaanga bado, maana tutaishi na nini, lakini yanayobaki nampelekea yule kikongwe wa Mama Wilondja, na harufu ya maandazi jioni ni mtihani ambao siku nyingine ninaufeli. Nilipoanza kupungua, majirani walinong'ona kwamba nina ule ugonjwa, wakaniletea sombe yenye mawese ya kujaa. Niliila nusu. Ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Vita haijaisha, yaya. Wavuvi wanaotoka upande wa Swima huleta habari mbaya kila wiki, na sote tunalala na mabulungutu yamefungwa. Sifa anaongezeka uzito, mimi napungua, na nimekuwa nikipima mambo haya mawili kila asubuhi kwenye kile kilima: je, siku ikifika, nitaweza?

Jumamosi iliyopita kulikuwa shwari. Nilimwambia Sifa twende kumsalimia mama. Alitembea mwenyewe mpaka mwanzo wa mpando, kisha akachoka, nikamfunga mgongoni. Nilipanda polepole. Kifua kilifanya kazi, jasho lilinitoka mpaka machoni, lakini ile filimbi sikuisikia. Tukafika kwenye kijito. Jiwe lako lipo, limeota ukoka pembeni, na kaburi lako nimelipalilia kwa lile jembe langu la uongo. Mara yake ya kwanza kulima. Sifa alikaa juu ya jiwe, akalipapasa, akauliza kama ndipo ulipopumzika. Nilimwambia ndiyo, mama alichoka sana. Mimi sikukaa. Alipomaliza nilimbeba tena, nikapanda ule mpando uliobaki mpaka juu, pale ambapo ziwa lote linaonekana, na nikamweka chini nikiwa bado nimesimama.

Nakuahidi mambo yaliyo katika uwezo wangu tu. Sitawazuia askari. Sitasema sitaonja maandazi tena, ungejua ninadanganya. Nakuahidi kwamba kesho kabla ya jua kuwa kali nitakuwa barabarani na jembe langu, na kesho kutwa pia, na siku tukiamriwa tena na milio kupanda mlima ule, mwanao sitamkabidhi kwa mtu mwingine njiani.

Maandazi yanaungua, niishie hapa. Lala vizuri, yaya wangu. Uliniambia nitangulie, unakuja, na miaka hii miwili nimekuwa nikigeuka nyuma kukutazama. Usije tena. Pumzika. Mtoto amefika juu.

Mdogo wako,
Riziki