Rehani Bado Imeandikwa Bomani

Masanja, mwanangu wa kuzaa, una akili ya ndama: ukishashiba huulizi kamba imefungwa wapi.

Leo Jumanne. Vumbi tangu asubuhi, bati zinalia kwa upepo. Naandika kwa hasira, herufi zinakwenda upande. Mwalimu wa kisomo anisamehe.

Deni la nyumba hii lilikwisha mwaka juzi. Marehemu mume wangu aliiweka rehani kwa Mzee Salumu mwenye duka, akapata plau na maksai. Tukalipa kwa pamba mpaka likaisha. Siku ile Mzee Salumu alichinja mbuzi wetu kwa mkono wake mwenyewe, tukala naye mbele ya watu, akanirudishia hati, nikaifungia sandukuni. Masanja nikamtuma bomani rehani ifutwe. Akakuta karani hayupo, akarudi kulala.

Mpaka leo amelala.

Jana alikuja mpwa wa Mzee Salumu, katokea Shinyanga, hata salamu ya mwangaluka hakunipa. Akazunguka nyumba yangu akihesabu bati kwa kidole. Nikamuuliza, "Baba, umepotelewa na kitu juu ya paa langu?"

Akacheka. "Natazama mali ya mjomba tu, bibi."

Leo asubuhi nimekuta kigingi kimepigwa karibu na jiko langu. Kipya, kimechongwa vizuri. Sijakigusa.

Nikachukua hati yangu, nikaenda bomani kwa miguu. Karani akafungua daftari kubwa, akaniwekea kidole kwenye mstari: jina la marehemu, chini yake rehani, na jina la Mzee Salumu. Nikamwambia sisi watu wazima tulikula mbuzi, deni likaisha.

"Mayu, mbuzi hana saini," akasema. "Aliyeshika rehani ndiye aitoe, akiwa hai. Akifa, mtaongea na warithi wake."

Warithi. Yule wa kuhesabu bati!

Na mimi nina kosa, ingawa kwa mdomo sitalisema. Masanja aliporudi siku ile alitaka kwenda tena kesho yake. Mimi nikamwambia aache, deni lililoliwa nyama halitaki muhuri. Nilijiona mkubwa kuliko daftari la serikali.

Jioni hii nimepita kwa Mzee Salumu. Wiki ya pili sasa hajainuka kitandani, na duka limefungwa. Viatu vimejaa barazani, ndani wanasoma Yasini. Mpwa akasimama katikati ya mlango. "Mjomba amepumzika, bibi."

Hajapumzika. Pazia lilipeperuka nikamwona, macho wazi. Akanitambua. Akainua mkono kidogo, ukaanguka.

Mkono ule bado una kidole gumba.

Masanja, jaza upepo baiskeli sasa hivi. Alfajiri kamlete karani na wino wake, na wazee wawili waliokula yule mbuzi. Mimi nitawatangulia na hati. Mkifika mlangoni msiombe ruhusa kwa yule kijana. Piteni.