Leo Yetu Iliyoanza Magharibi

Malindi, Ijumaa, masika ya 1988. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtaa mzima ni tope, nami nimekaa dirishani nacheka peke yangu.

Shajara yangu, juzi nilidhani kampuni yetu imekufa. Leo nimekula mahamri matano bila kujuta.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikija kusoma haya uzeeni nitadhani nilizua. Mimi na Kahindi tuliacha ualimu tukafungua kampuni katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la mjomba wangu. Kazi yetu yote imesimama juu ya lugha ya kompyuta ambayo aliyeitunga aliigawa bure, na ndani yake akapaacha wazi, ili kila mtu aone ilivyoundwa na aibadilishe apendavyo. Sisi tukaifundisha Kiswahili: andika, soma, rudia, leo, kesho. Kisha nasi tukaigawa bure vilevile. Mteja hutulipa kwa kumtengenezea programu zake na kuzitunza.

Mama haelewi hata kidogo. "Mwanangu, kitu cha bure watu wakulipe kwa lipi?" Humwambia maji ya mvua nayo ni ya bure, lakini fundi aliyejenga birika hulipwa. Hunitazama tu, akaendelea kukuna nazi.

Mteja wetu wa kwanza ni hoteli moja huko Bofa. Meneja wake, Bwana Mutua, alitupa wiki moja ya majaribio. Tukifaulu, tunapata kazi ya mwaka mzima. Tukishindwa, Kahindi na wanawe wanne, na mimi na maringo yangu, turudi kuomba chaki.

Jumanne magharibi, siku ya kwanza ya majaribio, wageni wakashuka na masanduku yao, hoi kwa safari. Mpokezi akaandika majina yao. Kompyuta ikajibu kwamba watu hawa walikuwa waje jana, na kwa kuwa hawakutokea, vyumba vyao vimefutwa.

Jana!

Bwana Mutua alinipigia simu kesho yake asubuhi. "Madam, mimi nimeaibika mbele ya wageni. Hii kitu ifanye kazi kesho jioni, ama mkuje muichukue."

Tulikimbilia Bofa siku hiyo hiyo, tukaijaribu programu mchana kutwa. Haikukosea hata mara moja. Tuliondoka jua likielekea kutua, tumechoka, hatujui tunatafuta nini.

Njiani Kahindi alikuwa amefura. Hasira zake zilimwangukia Akinyi, mhasibu wa hoteli moja ya Kikambala, ambaye alinakili diski yetu na hajatupa hata asante. "Twalisha mji mzima, na sisi twalala njaa," alisema. "Tuifunge hii lugha. Atakaye kuiona, alipe kwanza." Nakiri hapa, ambapo hanisikii: nilikuwa karibu kukubali. Niliogopa sana.

Jana asubuhi simu ikalia. Nani? Akinyi mwenyewe! Mpokezi wa Bofa husali naye kanisa moja, na alikuwa amemsimulia aibu yote.

"Dada, hiyo shida ya jioni mimi nilishaitengeneza kitambo," akasema. "Leo yenu inaanza jua likizama. Kwetu siku haiishi mpaka watu walale."

Nilishika kichwa. Ni mimi niliyeiandika hiyo "leo". Nyumbani kwetu jua likitua siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa siku inayofuata. Nimelelewa hivyo, nikaiandika hivyo, wala haikunipitikia kwamba kuna mtu duniani ahesabuye vingine. Kahindi naye hakuliona kosa hilo, kwa kuwa tulijaribu kila kitu mchana, na magharibi kila mtu yuko kwao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Sasa mbona hukutuambia?" nilimuuliza.

Akajibu, "Nilidhani ni desturi yenu. Nikaona si adabu kuwakosoa."

Nilicheka hadi mjomba akaja kuchungulia. Akinyi akanisomea marekebisho yake kwenye simu, mstari baada ya mstari, nami nikayatamka kwa sauti huku Kahindi akiyaandika, masikio yakimwaka moto. Alasiri tulikuwa Bofa. Jua likatua. Wageni wakaja, majina yakaingia, na wa kwanza akapewa ufunguo wake, na wa pili, na wote. Bwana Mutua hakutusifu. Alisema tu, "Mwaka mmoja. Kuanzia kesho, ile kesho ya kila mtu."

Nina furaha, shajara, furaha ya kitoto kabisa. Tungeifunga lugha hii mapema, Akinyi asingeweza kuingia ndani yake, na leo ningekuwa naandika barua ya kuomba kazi.

Kahindi hakutaja tena kufunga. Lakini asubuhi hii, akiwa anakunywa chai, aliweka kikombe chini ghafla. "Hivi," akaniuliza, "hawa wengine wote walionakili, ni wangapi wanaotustahi kama Akinyi?"

Sijui. Jumatatu nitaanza kuwapigia simu, mmoja mmoja, niwasihi watukosee adabu.