Ukiiona Feni ya Tatu

Heru Juu,
Kasulu, Kigoma.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Claude,

Amahoro! Hujambo huko Tunduma? Kile kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Sisi tu wazima. Mama miguu inamuuma asubuhi, lakini mdomo ni mzima kabisa, anatugombeza kama zamani.

Usishangae nimejuaje uliko. Lukmani, yule wa duka la vitenge mjini Kasulu, alikuona sokoni huko mwezi uliopita, ukampungia mkono kisha ukajichanganya na watu. Miaka sita, Claude! Nilitaka kukasirika, nikalia tu. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, na safari hii usimkimbie.

Sasa habari za huku. Ulipoondoka walisimika mlingoti wa kupima upepo hapa kilimani, na sasa umemaliza kazi. Wenye mradi wamesema upepo wetu unatosha, watajenga mitambo tisa ya umeme, kuanzia kanisani kwenda juu. Sisi tunaiita feni. Kwenye mkutano wa kijiji mama alisimama akauliza, feni hizo zikimaliza upepo yeye maharage atapepetea wapi? Watu walicheka, yeye hakucheka. Mhandisi, binti mmoja mpole, akamweleza taratibu kwamba upepo hauishi.

Tatizo ni nyumba yetu. Feni ya tatu itasimama pale pale jikoni. Tutajengewa nyingine chini karibu na kisima, ya bati na sakafu ya saruji! Mimi moyoni nilishahama. Mama akagoma. Mtendaji wa kijiji alituachia fomu ya kukubali kuhama na kidau cha wino ili aweke dole gumba, naye akakifunika kwa ungo. Wiki tatu! Mjomba Habonimana amembembeleza, wapi! Tukadhani analilia migomba yake.

Juzi tunachambua maharage akaniambia, "Claude anaijua nyumba hii tu. Akirudi akakuta chuma, si atadhani tumekufa?" Niliinama, nikaendelea kuchambua.

Ndiyo maana nakuandikia. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa ya tarehe 26. Mama atasaini siku Lukmani atakapopiga simu kwamba barua imefika mkononi mwako. Kujibu si lazima. Ipokee tu.

Sikiliza njia. Ukija kabla hawajajenga utaona vigingi vyekundu. Ukija baadaye, feni zitaonekana tangu barabara kuu. Hesabu kutoka kanisani. Ya tatu ndiyo kwetu. Ipe mgongo, shuka na njia ya kisima, nyumba ya kwanza kushoto. Mlango ni ule ule wa kijani. Mama amesema wasipouhamisha huo mlango, haingii. Ukifika usibishe hodi.

Najua uliapa hutarudi mikono mitupu. Acha hizo, bwana! Mama hajawahi kuuliza utaleta nini. Anauliza kama unakula.

Mjomba Habonimana anakusalimu, na shangazi Jeanne wa Kibondo. Binti yangu Akimana, ana miaka minne, anamjua mjomba Claude kwa jina na anataka kujua kama una baiskeli.

Mungu akufunike popote unapolala.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Pelagia

N.B. Nimemsomea mama barua hii. Akainuka, akaenda kukifunua kile kidau. Fomu bado inasubiri simu ya Lukmani, lakini dole hili hapa chini ya barua ni lake. Wiki tatu wanamwomba amekataa, wewe hukumwomba.