Chozi wa Cédric

Yvette uko hapo? Acha yote usome. Niko cyber ya Umbilo, nacheka mpaka watu wananiangalia.

Unakumbuka Cédric wangu na wale ndege chozi? Wiki nzima alijificha na flashi zake kwenye maua ya Aunty Naidoo, kule Glenwood. Akapata dume mmoja, kifua kijani kinawaka. Kinawaka, Yvette!

Halafu akaingiza picha kwenye kompyuta. Na wewe unamjua, yeye ni mtu wa picha za harusi. Akiona uso wa bibi harusi unang'aa kwa flashi, anafuta huo mng'ao.

Basi akafuta! Kifua chote! Akaacha kahawia laini kama poda.

Leo tumempelekea Aunty, picha iko kwenye fremu na kila kitu. Akaangalia weee, akasema, "Jike mzuri sana. Na dume iko wapi, mwanangu?"

DUME IKO WAPI! Eish.

Njiani nikamwambia, chéri, harusi yetu picha apige mwingine, mimi nataka kung'aa.

Tukasimama kwenye robot, taa nyekundu. Ndipo akasema, "Na ile picha yako ya uchumba, unafikiri sikuigusa?"

Yvette. Ile uliyosema nimependeza kuliko siku zote!