Mguu wa Marehemu Iddi

Alhamisi, 3 Julai

Baridi, na vumbi limeingia mpaka kwenye mswaki. Nimekaa ukingoni mwa kitanda na kioo changu kidogo, nikageuza kigutu huku na huku. Safi. Hakuna wekundu, hakuna lengelenge. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi tangu nilipokatwa mguu wa kushoto chini ya goti: kujikagua. Kule chini sina hisia, sukari imeziua. Msumari ukiingia nitajua kwa kuona damu.

Magongo tena leo. Mguu wangu wa bandia bado uko karakana. Unyayo ulipasuka na wa kubadilishia haujafika. Kazini, pale masjala, wananiletea mafaili mezani, hata yale ninayoweza kuyafikia mwenyewe. Siipendi huruma ya namna hiyo. Makwapa yanawaka moto.

Jumamosi ni arobaini ya kaka Iddi, kijijini kwetu Busi. Sijui nitakipandaje kile kilima cha nyumbani.

Jumamosi, 5 Julai. Busi

Kisomo kimekwisha, pilau imeliwa. Kisha baba mdogo akaketi mkekani kugawa vitu vya marehemu, kama desturi. Kanzu kwa huyu, koti kwa yule, redio kwa mwanawe mkubwa. Halafu akavuta kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. Mguu. Mguu wa bandia wa Iddi, wa kushoto, chini ya goti. Sukari ya ukoo wetu ilianza kwake kabla ya kuja kwangu.

"Hamisi, huu ni wako," baba mdogo akasema. "Nani mwingine hapa anaweza kuuvaa?"

Kweli, nani. Tulikuwa kimo kimoja, tulivaliana suruali tangu shule. Lakini mguu si koti. Kile kikombe kinachopokea kigutu hutengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja tu. Nalijua hilo vizuri. Ukoo mzima unanitazama. Shemeji Mwajuma, mjane wa Iddi, yuko ndani kwenye eda, namsikia analia. Kukataa kitu cha marehemu mbele ya watu ni tusi. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Mtani wetu mmoja akadakia: "Huyu kashachukua mguu wa kaka yake. Mfungieni mlango wa shemeji yake mapema." Wakacheka mpaka wazee. Nami nikacheka.

Ndani ya kikombe, chini kabisa, kuna doa la kahawia. Nimelisugua kwa sabuni na kitambaa. Halitoki.

Jumapili, 6 Julai

Tumerudi Nzuguni na Mama. Ndugu wameamua akae kwangu, kule Busi kila kona inamkumbusha Iddi. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga na vivuli. Tangu msiba hali. Anatia tonge mdomoni, analitoa. Mke wangu Zaina kampikia uji, kampikia ugali wa mtama na mlenda anaoupenda. Wapi. Mabega yake yamebaki mifupa. Naogopa tutarudi Busi kuchimba tena.

Jioni nimeujaribu ule mguu. Unacheza, Iddi alikuwa na nyama kuliko mimi. Nikavaa soksi ya pili juu ya ya kwanza, nikaongeza nyingine. Ukakaa. Unalia kwenye kifundo: kik, kik, kila hatua. Ndivyo ulivyokuwa ukilia kwake. Tulikuwa tukimsikia akiwa bado njiani.

Mbaya, lakini mikono yangu ipo huru. Kesho naenda kazini bila magongo.

Jumatano, 9 Julai

Nimerudi kutoka kazini, nikavuka ua. Kik, kik. Mama alikuwa mkekani, ameegemea ukuta. Akainua uso.

"Iddi?"

Na akatabasamu. Sijaona tabasamu hilo tangu msiba. "Umekuja. Njoo ule, chakula kinapoa."

Ningesema, ni mimi Hamisi. Badala yake nikakaa, tukala sahani moja. Alimaliza matonge yake akaomba aongezwe mboga. Zaina alisimama mlangoni na mwiko mkononi, katoa macho.

Baadaye nje akaninong'oneza: "Mwache hivyohivyo. Angalau anakula."

Nimekubali. Nimefurahi, kisha nikaona wivu. Wivu na marehemu. Alikuwa kipenzi chake siku zote, na hata kaburini bado ananishinda.

Jumamosi, 12 Julai

Kioo. Wekundu upande wa mbele, pale mfupa unapoishia. Nimeubonyeza kwa kidole, haupotei. Najua maana yake. Ndilo somo la kwanza tulilofundishwa karakana: wekundu usiopotea, vua mguu, rudi kwenye magongo mpaka ngozi itulie.

Leo si siku ya kazi, ningeweza kuuvua. Lakini Mama ameamka anamuuliza Iddi. Anataka kunywa naye chai.

Nimedhani shida ni kucheza kwa mguu. Nimeongeza soksi.

Jumatano, 16 Julai

Karakana wamepiga simu, mguu wangu uko tayari. Nimeenda nikiwa nimeuvaa wa Iddi, nikauvua pale na kuuweka kwenye benchi. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole, akauchukua, akautia kidole ndani.

"Baba, huu ni wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Na yeye anavaa nini?"

"Amefariki."

Akaurudisha kwenye benchi taratibu. "Usiuvae tena, baba. Hata kuja nao hapa ulikosea." Akaomba akione kigutu bila soksi. Nikamwambia bosi ananisubiri. Uongo mtupu, nilikuwa nimechukua ruhusa ya siku nzima.

Jioni nimeingia nyumbani na mguu wangu mwenyewe. Haulii. Mama akauliza, "Nani huyo?"

"Hamisi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Basi. Zaina akatenga chakula, Mama akaisukuma sahani. Atamsubiri Iddi.

Ijumaa, 18 Julai

Tangu juzi hajala. Asubuhi kaanguka akienda chooni, miguu haina nguvu. Hakuumia. Zaina alimwinua peke yake, anasema hana uzito wowote.

Nimeuvaa mguu wa Iddi. Nimepita ua mara mbili ili asikie vizuri. Amekula, nimemlisha kwa mkono wangu. Akanishika kidevu: "Iddi mwanangu." Nimevuka hamsini, nina ndevu nyeupe, na machozi yalinidondoka kwenye mchuzi.

Kidonda kimefunguka. Kidogo. Hakiumi hata chembe, na hilo ndilo linalonitisha. Nimekipaka dawa, nikafunga bandeji, nikavaa mguu juu yake. Zaina hajui. Siku hizi naoga nimefunga komeo.

Jumanne, 22 Julai

Soksi imegandia kwenye kidonda. Nimeilowanisha kwa maji ya uvuguvugu ndipo ikaachia, na kuna ngozi imeondoka nayo.

Kuna harufu. Ofisini mwenzangu alifungua dirisha. Vumbi likaingia, akafunga. Akafungua tena. Nyumbani Zaina anatafuta panya aliyekufa, kahamisha magunia yote ya alizeti kule stoo. Nilimsaidia kutafuta. Nilipiga magoti kabisa, nikachungulia chini ya kabati. Mungu anisamehe.

Sukari imepanda. Sitaki kuandika imefika ngapi.

Nimeamua: mguu wa Iddi jioni tu, wakati wa kula. Mchana wa kwangu. Watu wanaojidanganya wapo wengi, mimi nafaa kuwa mwenyekiti wao.

Alhamisi, 24 Julai

Shemeji Mwajuma kapiga simu kumjulia hali Mama. Nikamuuliza Iddi alianzaje kuumwa. Sikuwahi kuuliza. Tulisema sukari, tukazika, tukala.

"Kidonda, shemeji," akasema. "Alikuwa nacho ndani ya mguu ule na hakumwambia mtu. Mimi nilikijua kwa harufu. Tulipofika hospitali damu ilishaingia sumu."

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ya arobaini.

"Ningekuambiaje? Mlikuwa mnagawana vitu nyie wanaume huko nje, mimi niko ndani na eda yangu. Wala hakuna aliyeniuliza." Akauliza: "Kwani shemeji unauvaa? Mimi nilidhani umeuweka kumbukumbu tu."

Nikajibu nimeuweka kumbukumbu tu.

Kisha nimekaa na ule mguu mapajani. Lile doa sasa nalijua ni la nini. Juu yake kuna jingine, bichi, la kwangu. Naogopa. Nitaiacha sentensi hiyo ilivyo. Naogopa kwa sababu najua goti langu liko karibu sana na hicho kidonda, na bila goti sitatembea tena kama mtu anayetembea.

Zaina akaita chakula tayari. Mama akauliza, "Iddi karudi?"

Nikauvaa.

Jumapili, 27 Julai

Homa. Mwandiko unayumba. Nimetetemeka tangu alfajiri chini ya mablanketi mawili. Mchana nikajikokota kwenda kula na Mama, nikaanguka katikati ya ukumbi. Zaina akakimbia, akauvuta mguu kabla sijamzuia.

Hakupiga kelele. Alitazama. Akafunika pua kwa ncha ya kanga.

"Hamisi," akasema. "Kumbe panya ni wewe."

Mama kutoka mkekani: "Iddi kaanguka? Mwinueni Iddi."

Zaina kaenda kwa jirani kuomba gari. Naandika nikimsubiri. Nguo zangu kaziweka tayari kwenye mfuko, kaweka nyingi.

Jumatano, 30 Julai

Wodini. Daktari ana umri wa binti yangu, lakini hazungushi maneno. Mfupa umeshaingiwa. Goti haliwezi kubaki. Nilimuuliza kama nitatembea. Akasema kwa umri wangu na sukari yangu, wanaokatwa juu ya goti wengi huishia kwenye kiti cha magurudumu. Namshukuru kwa kutonificha. Nilimchukia pia.

Nikaomba tusubiri Ijumaa, labda dawa zitashika.

"Baba, tukisubiri Ijumaa hatutakuwa tunazungumza habari ya goti."

Nimesaini. Ni kesho asubuhi. Nimelishika goti langu chini ya shuka kutwa nzima, nalikunja na kulinyoosha. Linafanya kazi vizuri tu. Sina huzuni, nina hasira. Hasira na baba mdogo kwa kugawa mguu. Hasira na Iddi kwa kunyamaza na kidonda chake, kana kwamba mimi nilisema.

Zaina kaupeleka ule mguu Busi ukafukiwe. Kamwambia baba mdogo maneno ambayo mkwe hamwambii mzee. Mama hali tena. Jirani anamnywesha uji kwa kijiko.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeanza kukaa kitandani kwa kuegemea mto. Upepo nje umetulia.

Zaina kamleta Mama leo, kamshika mkono kutoka mlangoni mpaka kitandani kwangu. Nyumbani hawakumweleza kitu, walimwambia tu wanakwenda kumtazama mgonjwa. Akakaa. Hakuuliza ni nani. Nami sikujitaja.

Akaweka mkono juu ya blanketi, upande wa kushoto, akautafuta mguu. Hakuna. Mkono ukapanda juu kidogo, pale mguu wa Iddi ulipokuwa umeishia. Hakuna. Akapanda, akapita mahali pa goti, mpaka akaigusa bandeji pajani. Mkono ukasimama. Iddi alimkanda yeye mwenyewe miaka yote ile, mwisho wa mguu wa Iddi anaujua.

"Hamisi," akasema.

"Naam, Mama."

"Na wewe?"

Nikasema na mimi. Hakulia. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unaisha na Zaina alikuwa anafunga vyombo. Mama akahamia upande wa kulia, akafunua blanketi, akaupakata unyayo wangu mmoja uliobaki. Akaanza kuupapasa kwa vidole, kisigino, kisha chini, kisha katikati ya kidole na kidole. Akauliza kama kuna kidonda. Nikamwambia hakuna.

Akaendelea kutafuta.