Jibini Iliyokosa Pumzi ya Pango

Kijiji cha Karaoluk,
Karaman.
12 Oktoba 1986

Mpendwa Shangazi Gülsüm,

Leo nimeazimia kukueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa yabaki nyumbani.

Kwanza, hujambo? Baridi ya Ujerumani imeanza? Kifua cha Kemal kimepona? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Bibi. Tangu kiangazi hawezi kushuka ngazi za pango letu la kuivishia jibini, na unamjua: jibini ambayo hakuinusa mwenyewe ikiwa bado kwenye kiriba chake cha ngozi, haili wala hampi mgeni. Alikuwa anashinda dirishani akiitazama njia ya pango.

Basi Baba akaamua kumletea pango nyumbani. Alikwangua kuvu nyekundu ukutani kule, akaipaka viriba vinne vya jibini ghalani chini ya jiko, akatundika magunia yaliyolowa maji na kuziba kila tundu. Jirani yetu Durmuş alipita akacheka, "Bwana wee, kesho utamletea na mlima?"

"Nikiuleta, wewe ndiye utakayeubeba!" Baba akamjibu.

Shangazi, viriba havikuwa vyekundu kama vinavyoiva pangoni. Vilikuwa vyeusi, vikavimba, na kimoja kikapasuka tukiwa mezani. Harufu ilipanda ikaingia hata kwenye mkate. Mama alifungua madirisha. Baba alisimama ameinama kama mtoto aliyevunja chungu.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, umeniletea kuvu, upepo ukauacha kulekule. Pango linapumua. Ghala umelikaba koo." Kisha akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Kesho yake nilishuka pangoni na Mama. Nilibandika kiganja kwenye kiriba chetu mpaka ubaridi ukaingia mfupani, nikakifunika kiganja kwa kitambaa, nikapanda mbio. Bibi alikinusa kiganja changu akiwa amefumba macho.

"Umemenya vitunguu, mtundu wewe! Kanawe, ushuke tena."

Nikashuka tena. Safari hii alisema, "Bado. Ingoje mvua ya kwanza." Na jioni ile alikula vizuri.

Sasa ameniambia kuwa mvua ikinyesha, mimi ndiye nitakayenusa kwanza na kutamka kama jibini imeiva. Nikipatia, viriba vya mwakani ni vyangu kuvitunza. Natamani sana, lakini nikinusa kiganja changu napata jiwe na maziwa tu.

Msalimie Kemal na baba yake. Mama na Baba wanakusalimu, na Bibi anakuombea Mungu akulinde katika nchi ya watu na akurudishe ukiwa na afya.

Bibi anasema ulipokuwa na umri wangu ulijua kabla yake kuwa jibini imeiva, ukacheka peke yako mle pangoni, wala hukumwambia mtu kwa nini. Mawingu yameanza kukusanyika, kwa hiyo tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: ulisikia harufu gani?

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Elmas