Mimi, Mheshimiwa Waziri

Jumatatu, 10 Agosti 1970

Leo nimeinua mkono! Mkurugenzi alituita sote wa sekretarieti. Waziri wa nchi jirani, ng'ambo ya mpaka, anakuja tarehe 21 kuonana na waziri wetu wa Kinshasa. Watatembezwa kwenye kiwanda cha shaba hapa Shituru, kisha mezani: umeme wa bwawa la Koni, wageni wanataka kuununua. Mkalimani wa Kinshasa amelazwa hospitali. Nani anajua Kiingereza? Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Chef Urbain, mkuu wetu wa sekretarieti, alicheka mpaka miwani ikamshuka. Ati Kiingereza changu cha Kitwe ni cha kugombania nyanya. Kweli, nilikulia Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kwa mjomba, na nyanya nimeuza. Lakini atanijua!

Jumatano, 12 Agosti

Ametumwa mtu wa protokali kutoka Lubumbashi, Bwana Floribert. Mwembamba, tai nyeusi, anaongea polepole. Amenipima asubuhi nzima. Nilipomkaribisha "mgeni" aketi, akasema ninafukuza kuku. Kumbe Kiingereza cha wakubwa hakina "hapana"! Hutaki kitu? Unasema: serikali yangu itapata ugumu kukubali. Umekasirika? Unasema: nimepokea kwa mshangao. Nimejaza kurasa kumi na moja.

Jioni sokoni nilimwambia mama wa dagaa: serikali yangu inapata ugumu kukubali bei hii. Alinitazama, akaongeza konzi moja. Inafanya kazi!

Ijumaa, 14 Agosti

Mazoezi. Floribert alikuwa waziri wetu, Urbain alikuwa mgeni — kidevu juu, ameipenda sana kazi hiyo. Nikaanza: waziri anasema anafurahi... Floribert akagonga meza. Mkalimani hasemi "waziri anasema". Wakubwa wanaongea wao kwa wao, mkalimani ni sauti tu. Waziri akisema mimi nafurahi, nami niseme mimi nafurahi.

Urbain akafunga dirisha — na joto hili! Akanong'ona kwamba mpiga taipu kujiita waziri, siku hizi, mbele ya watu wa usalama... Hakumaliza. Hakuna aliyetaka amalize.

Nyumbani nilimweleza mama. Akaweka mwiko chini. "Émilienne, banakamata bantu juu ya neno moya tu. Na weye utasema 'minye, ministre'? Tangu lini?" Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe. "Basi usema polepole, basisikie." Nilicheka. Naogopa. Nikikataa, ni nyanya maisha yangu yote.

Jumatano, 19 Agosti

Najizoeza nikifua, nikipika. Mimi, kwa niaba ya Jamhuri. Mimi, kwa niaba ya sabuni.

Urbain amemwandikia mkurugenzi: atafutwe mwanamume. Barua hiyo nimeipiga taipu mimi! Bila kosa hata moja. Mkurugenzi amejibu kwa mstari mmoja: hakuna mwanamume.

Ijumaa, 21 Agosti

NIMEWEZA! Acha niandike kwa mpangilio.

Meza ndefu, bendera mbili ndogo. Mimi katikati, ndani ya gauni la buluu la dada yangu Angèle. Nyuma yangu mtu wa usalama, wa miwani myeusi. Waziri wetu akaanza. Nikafungua mdomo: mimi, Mheshimiwa, kwa niaba ya serikali yangu... Kwa Kiingereza, kwa sauti. Mama, nisamehe, haikuwa polepole! Mtu wa miwani akamwinamia Floribert, akauliza kitu. Floribert akamnong'oneza, bila shaka ile ya "sauti tu". Yule mtu akarudi nyuma, akakunja mikono. Basi!

Halafu bei ya umeme. Mgeni akataka ipunguzwe. Waziri wetu akapiga meza: kamwe! Floribert akafumba macho. Kurasa zangu kumi na moja hazina neno "kamwe". Ningeweza kulipaka asali. Lakini ningekuwa sauti ya nani? Nikasema kamwe, wazi, kama alivyosema.

Mgeni aliniangalia mimi, si waziri wetu. Kisha akasema taratibu kwamba angepata ugumu kurudi nyumbani amebeba neno hilo peke yake. Lugha ya Floribert ileile! Nikaigeuza Kifaransa kwa upole uleule. Waziri wetu akaangua kicheko. Basi tuliondoe hilo neno, akasema, tuongee. Wakaongea. Wakapeana mikono!

Kwa saa mbili nilikuwa mawaziri wawili. Nilijikatalia, nikajibembeleza, nikajikubalia. Mgeni alipoondoka alinishika mkono, akanishukuru kwa Kibemba: natotela. Nilitaka kuruka.

Mama amechinja kuku.

Jumanne, 25 Agosti

Gari liko nje. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa Urbain, valise ya nguo magotini. Telegramu ilifika jana: Floribert ananitaka Lubumbashi leo, ndege ya Kinshasa ni saa kumi. Wiki ijayo wanakutana marais wenyewe, wa nchi zote mbili. Na mimi! Mama ameikalia valise mpaka ikafungika. "Bakiuliza nani anasema," ameniambia, "ujibu ni mutoto ya Gertrude."

Imebaki ruhusa ya safari tu, saini na muhuri wa Urbain. Ameisoma karatasi mara tatu. Akavua miwani, akaniambia — kwa Kiingereza cha kurasa zangu! — kwamba ofisi yake itapata ugumu kukubali. Kumbe kwenye mazoezi alikuwa anasikiliza.

Nikaacha Kiingereza. "Chef Urbain, minye naenda. Leo haiko ministre anasema. Ni minye."

Ameingia na karatasi yangu, amefunga mlango. Dereva amepiga honi mara ya pili. Natoka jasho zaidi kuliko mbele ya mawaziri.

Droo inafunguka. Ya chini, ile inayolia — miaka minne naijua sauti yake. Humo ndimo anamoweka muhuri.